Swichi Inayofunga: Vitenzi vya Ufundi na Pengo katika Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili umekuwa, kwa miaka mingi, mjadala wa nomino. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, na hasa baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa nchini Tanzania mwaka 1967, swali lililoulizwa mara nyingi zaidi ni hili: kitu hiki kiitweje? Swali hilo ni la haki, na majibu yake yamejaza kamusi na orodha nyingi zenye manufaa. Hata hivyo, swali la pili limeachwa likijitegemea lenyewe: kitu hiki kinafanya nini, na tendo lake lisemweje?

Makala haya yanatetea rai kwamba katika lugha ya ufundi udhaifu mkubwa wa Kiswahili cha leo hauko katika nomino bali katika vitenzi. Ili rai hiyo isielee hewani, mfano mmoja tu unachukuliwa na kufuatwa hadi mwisho: swichi ndogo inayohisi presha ya gesi katika mfumo wa kupoza na kuiamuru feni izunguke au isimame. Ni kifaa kinachotosha kiganjani. Kikiharibika hununuliwa kingine na kufungwa mahali pake. Lakini kumweleza muuza vipuri, kwa Kiswahili kisicho na utata, ni swichi ipi hasa inayotakiwa, ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa.

2.0 Kifaa na kazi yake

Katika jokofu kubwa, kiyoyozi au gari lenye kipoza hewa, kompresa huisukuma gesi hadi ikawa moto na yenye presha kubwa. Gesi hiyo hupita katika kondensa, yaani bomba lililokunjwakunjwa na kuvishwa mapezi membamba ya bati, ambamo hutoa joto na kugeuka kioevu. Kazi ya feni ni kupitisha hewa katika mapezi hayo. Hewa ikipungua, joto halitoki, na presha hupanda. Hewa ikizidi wakati wa baridi, presha hushuka mno, na kioevu hakisukumwi vya kutosha kuelekea upande wa kupoza.

Hapo ndipo swichi inapohitajika. Ndani yake mna kiwambo au kisahani chembamba cha chuma. Presha ikifikia kiwango fulani, kisahani hubetuka na kugusanisha ncha mbili za umeme. Ikishuka hadi kiwango kingine, hurudi mahali pake na ncha huachana. Gari likiwa katika foleni ya Dar es Salaam au Nairobi halipati upepo wa mwendo. Presha hupanda, swichi huwasha feni. Chumba cha baridi kilichoko Njombe au Limuru, katika usiku wa mwezi Julai, hukabiliwa na hali iliyo kinyume. Presha hushuka, na swichi huisimamisha feni mpaka presha irejee.

Taabu huanzia hapa. Swichi ya feni si swichi ya pekee katika mfumo. Kuna swichi ya kinga ya presha ya juu, ambayo husimamisha kompresa presha inapozidi. Kuna pia swichi ya kinga ya presha ya chini, ambayo husimamisha kompresa gesi inapopungua. Zote tatu huweza kufanana kwa umbo, kwa uzi wa skrubu na kwa rangi ya nyaya. Katika baadhi ya magari zote tatu zimewekwa ndani ya umbo moja. Zinachotofautiana ni tendo. Presha inapopanda, swichi ya feni hugusanisha ncha zake, ilhali swichi ya kinga ya presha ya juu huziachanisha. Anayebadilishana hizo mbili kwa bahati mbaya huweza kuuacha mfumo ukiwa na feni inayosimama hasa pale inapohitajika, au kompresa isiyo na kinga.

3.0 Majina matatu ya dhana moja

Mwanaistilahi akipewa kifaa hiki, aghalabu huanza na jina la kile kinachohisiwa. Kwa dhana hiyo Kiswahili kina maneno yasiyopungua matatu. La kwanza ni presha, neno la mkopo lililoenea karakana zote. La pili ni shinikizo, lililonyambuliwa kutokana na kitenzi shinikiza. La tatu ni kanieneo, neno la wanafizikia lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, na ambalo kwa hakika ni la kusifiwa, kwa kuwa linabeba ndani yake maana kamili ya dhana: kani iliyotandazwa juu ya eneo. Zaidi ya hayo, mwenye gari akizungumzia gurudumu hatumii lolote kati ya hayo matatu. Yeye husema upepo.

Wanaopinga presha husema kwamba neno hilo limekwisha kuchukuliwa na maradhi, kiasi kwamba asemaye 'ana presha' hueleweka kuwa anamzungumzia mgonjwa. Wanaopinga shinikizo nao husema kwamba neno hilo limehamia katika siasa, ambako wananchi huishinikiza serikali. Wanaopinga kanieneo husema kwamba halijasikika nje ya darasa. Hoja zote tatu ni za kweli, na zote tatu hazina uzito mkubwa. Hakuna fundi aliyewahi kudhani kwamba bomba la kiyoyozi limeugua, wala kwamba limeandamana. Muktadha huondoa utata wa nomino hizo papo hapo. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuendelea kuandika kanieneo katika mtihani, na fundi akaendelea kusema presha, bila mtu yeyote kudhurika. Huu ni wingi wa maneno kwa dhana moja, na lugha zote zilizo hai huuvumilia.

Utata wenye madhara ni wa namna nyingine: neno moja linapobeba maana mbili zinazopingana, katika karakana ile ile, juu ya kifaa kile kile. Hapo muktadha hausaidii, kwa sababu maana zote mbili zinaukubali.

4.0 Kitenzi funga

Kitenzi funga ni miongoni mwa vitenzi vyenye kazi nyingi mno katika Kiswahili. Mlango hufungwa, duka hufungwa, mzigo hufungwa, ndoa hufungwa, goli hufungwa, na Waislamu hufunga mwezi wa Ramadhani. Wingi huo ni utajiri. Lakini katika ufundi wa umeme na upoozaji kitenzi hiki kina maana tatu ambazo haziwezi kukaa pamoja kwa amani.

Maana ya kwanza ni kutia kifaa mahali pake na kukikaza. Fundi hufunga feni, hufunga kompresa, hufunga kipuri kipya. Kinyume chake ni kufungua, yaani kukilegeza kifaa na kukitoa.

Maana ya pili ni kuzuia kitu kisipite. Bomba la maji hufungwa na maji hukoma. Vali ya gesi hufungwa na gesi hukoma. Hata redio, kwa wazee wengi, hufungwa ili inyamaze.

Maana ya tatu imeingia kwa njia ya tafsiri. Kwa Kiingereza, na kwa lugha nyingine kadhaa za Ulaya, saketi husemwa kuwa imefungwa pale ncha zinapogusana na umeme unapopita, na husemwa kuwa imefunguliwa pale umeme unapokatika. Mfasiri anayefuata neno kwa neno huandika saketi iliyofungwa, akimaanisha saketi inayopitisha umeme.

Maana ya pili na ya tatu ni kinyume kabisa. Katika mfumo mmoja wa kupoza, kwenye bomba lile lile, fundi akifunga vali gesi haipiti. Swichi iliyo kando ya vali hiyo ikifunga, umeme unapita. Mwalimu anayesema 'presha ikipanda, swichi hufunga' amesema jambo sahihi kwa kipimo cha kitabu alichokisoma. Mwanafunzi anayemsikiliza, ambaye amekulia katika nyumba ambamo kufunga bomba ni kuzuia maji, ana haki ya kuelewa kwamba presha ikipanda feni itazima. Wote wawili wanajua Kiswahili. Aliyekosea ni istilahi.

Hali huwa mbaya zaidi katika kauli ya kutendwa. Sentensi 'swichi imefungwa' inaweza kumaanisha kwamba swichi imekwisha kukazwa katika bomba. Inaweza kumaanisha kwamba imezimwa. Na inaweza kumaanisha kwamba ncha zake zimegusana na umeme unapita. Ukitungwa mwongozo wenye sentensi kama 'funga swichi inayofunga feni presha ikipanda', hakuna kanuni yoyote ya sarufi itakayomwokoa msomaji. Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro. Maana yake ndiyo iliyotoweka.

Alama zilizopigwa chapa juu ya kifaa hazisaidii sana. Herufi NO huandikwa penye swichi ambayo, ikiwa imetulia, ncha zake hazigusani. Herufi NC huandikwa penye ile ambayo ncha zake hugusana. Alama hizo zimejengwa juu ya istiari ile ile ya kufunga na kufungua. Fundi ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji huisoma ile ya kwanza kama neno la kukataa. Nayo magari mengi ya Afrika Mashariki yamenunuliwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na maandishi ya ndani yake mara nyingi ni ya Kijapani.

5.0 Namba mbili na gesi nyingi

Istilahi ya swichi ya presha haiishii katika tendo. Kila swichi ya feni ina viwango viwili: kiwango ambacho presha ikikifikia feni huwaka, na kiwango cha chini zaidi ambacho presha ikikishukia feni huzima. Kati ya viwango hivyo pana nafasi iliyoachwa kwa makusudi. Nafasi hiyo isingekuwapo, feni ingewaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, na ncha za swichi zingeungua upesi. Mathalani, swichi ya mfumo unaotumia gesi R-22 inaweza kuwasha feni kwa psi 250 na kuizima kwa psi 175. Mnunuzi anayetaja namba moja tu ametaja nusu ya kifaa.

Namba hizo nazo hufuata gesi. Joto la kondensa likiwa nyuzi 47 za Selsiasi, presha ya R-134a huwa takriban psi 160, ya R-22 takriban psi 250, na ya R-410A takriban psi 400. Kwa hiyo swichi iliyokuwa sahihi kwa gesi moja haifai kwa nyingine, hata ikiingia katika uzi wa bomba bila kulazimishwa. Aidha, kiwango kile kile huandikwa kwa psi na mtengenezaji mmoja, kwa bar na mwingine, na kwa kilopaskali na wa tatu; bar 1 ni sawa na kilopaskali 100, au takriban psi 14.5.

Mabadiliko ya gesi hayakomi. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliziandama gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, zikiwamo R-12 na R-22. Marekebisho yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016, yanapunguza kwa hatua gesi za kundi la R-134a na R-410A, ambazo haziharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia. Baadhi ya gesi zinazochukua nafasi yao, kama vile R-32 na R-290, ambayo ni propani, huwaka moto. Katika mfumo wa aina hiyo swichi inayotoa cheche ndogo pale ncha zake zinapogusana si kifaa cha kuchaguliwa kwa kubahatisha. Haja ya kusema kwa usahihi inaongezeka, na mkataba unaoiongeza ulitiwa muhuri katika mji wa Afrika Mashariki.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza hudai kwamba fundi hahitaji istilahi, kwa kuwa ufundi hufundishwa kwa mikono. Mwanagenzi husimama kando ya fundi mkuu, huona, hushika, na hukosolewa. Pingamizi hili lina ukweli mkubwa, na yeyote aliyewahi kuingia karakana anaujua. 'Lete ile, funga pale, vua hii' ni lugha inayotosha maadamu mkono unaonyesha na jicho linaona. Lakini biashara ya vipuri haifanyiki tena kwa mikono pekee. Fundi aliyeko Njombe humpigia simu muuza duka wa Kariakoo, hutuma fedha, na kesho yake hupokea kifurushi kwa basi. Katika mazungumzo hayo ya dakika mbili hakuna mkono unaoonyesha. Lugha imebebeshwa mzigo wote. Ikiteleza, kinachofika ni swichi ya kinga badala ya swichi ya feni, au swichi ya gesi nyingine, na chumba cha baridi kilichojaa samaki au maziwa hakingoji basi la pili.

Mara nyingi hufuata jambo la hatari zaidi. Kwa kukosa kipuri sahihi, fundi huziunganisha nyaya mbili moja kwa moja na kuiacha swichi nje ya kazi. Akifanya hivyo katika swichi ya feni, hasara ni ya umeme, na ya upoozaji hafifu nyakati za baridi. Akifanya hivyo katika swichi ya kinga ya presha ya juu, ameondoa kinga muhimu iliyokuwa imesimama kati ya kompresa na kupasuka kwa bomba. Tofauti ya makosa hayo mawili ni kubwa mno kuachiwa kitenzi chenye maana mbili.

Pingamizi la pili hutoka kwa wasomi. Hudai kwamba ufundi wa kisasa una lugha yake, nayo ni Kiingereza, na kwamba ni rahisi zaidi kumfundisha fundi maneno ishirini ya Kiingereza kuliko kuunda ishirini ya Kiswahili. Jibu ni kwamba maneno hayo ishirini tayari anayo. Fundi husema kompresa, kondensa, feni, gesi, geji na swichi, na Kiswahili kimeyapokea maneno hayo bila malalamiko. Asichokopa ni vitenzi. Hakuna lugha inayokopa vitenzi kwa wepesi inaokopa nomino, na Kiswahili, ambacho kitenzi chake hubeba kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha mtendwa na mnyambuliko juu yake, hukopa vitenzi vya Kiingereza kwa shida zaidi. Kwa hiyo fundi hukopa jina la kifaa, kisha hueleza tendo lake kwa kitenzi cha nyumbani kwao. Orodha ya maneno ishirini haimfikishi mahali anapokwama.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, makala haya yanapendekeza mambo manne.

(a) Katika maelezo ya umeme, funga na fungua yaachwe kwa maana ya kutia na kutoa kifaa, na katika mabomba kwa maana ya kuzuia na kuruhusu. Ncha za umeme zipewe vitenzi vyake: unga zinapogusana, na kata zinapoachana. Vitenzi hivyo havikuundwa mezani. Fundi huunga waya, na umeme ukitoweka mtaa mzima husema umekatika. Ni kweli kwamba unga nacho kina maana nyingine, kwa kuwa mchuzi huungwa na hoja huungwa mkono. Lakini hakuna maana yake hata moja inayosema kinyume cha nyingine. Hicho ndicho kigezo.

(b) Swichi itajwe kwa tendo na kwa sababu yake, si kwa kile inachohisi peke yake. Hivyo kuwe na swichi ya presha ya feni, inayounga presha ikipanda. Swichi ya kinga ya presha ya juu, inayokata presha ikizidi. Na swichi ya kinga ya presha ya chini, inayokata presha ikipungua. Anayependa kusema kanieneo au shinikizo mahali pa presha na aseme. Usalama haumo katika uchaguzi huo.

(c) Viwango viwili vya kila swichi viitwe kiwango cha kuunga na kiwango cha kukata, na nafasi iliyo kati yake iitwe pengo. Viwango hivyo vitajwe pamoja na kipimo chake na jina la gesi. Maneno 'inaunga psi 250, inakata psi 175, gesi R-22' yanatosha kumwelekeza muuza duka, na yanasemeka kwa pumzi moja.

(d) Istilahi za ufundi zijaribiwe kabla ya kuidhinishwa. Jaribio lenyewe si la gharama. Mtu mmoja apewe kifaa na aketi chumba kimoja. Mwingine aketi chumba cha pili mbele ya vifaa kumi vinavyofanana. Wa kwanza aeleze kwa simu, wa pili achague. Istilahi inayomfanya wa pili achague vibaya iondolewe, hata kama imeundwa kwa ustadi wa kupendeza. Mabaraza ya lugha, vyuo vya ufundi na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, wanaweza kulifanya jaribio hilo pamoja, ili lifikie pia lahaja na mazoea ya pande mbalimbali.

8.0 Hitimisho

Kamusi za Kiswahili zimefanya kazi ya heshima katika kuvipa vitu majina. Kazi iliyobaki ni kuyapa matendo ya vitu hivyo usemi usiogeuka maana njiani. Kazi hiyo haionekani kwa wepesi, kwa sababu vitenzi vinavyoileta ni vya zamani, vya kila siku, na hakuna anayevidhania kuwa na kasoro. Mwanaistilahi hupita juu yake akitafuta neno geni la kutafsiri, ilhali neno linalomwangusha fundi ni lile ambalo kila mtoto analijua.

Swichi ya presha ni kifaa kidogo, na feni inayoiamuru ni kifaa cha kawaida. Lakini fundi anayebadilisha swichi hiyo hawezi kungoja mjadala wa kanieneo na shinikizo umalizike. Anachohitaji kujua, kabla hajawasha mtambo, ni kama presha ikipanda feni itazunguka au itasimama. Lugha inayodai kuwa ya sayansi na ufundi haina budi kumjibu swali hilo kwa kitenzi kimoja, chenye maana moja.